Uzoefu Wangu: Namna Bingwa wa Ngozi Alivyonichagulia Tiba ya Soriasisi

Tathmini hii inahusu kliniki binafsi ya magonjwa ya ngozi hapa Arusha, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nina sifa nyingi za kuipa lakini pia nina malalamiko. Ninawaandikia hasa wale ambao, kama mimi, wamezunguka maduka ya dawa kwa miaka wakipewa leo dawa ya fangasi na kesho dawa ya mzio, na ngozi ikabaki vilevile. Ugonjwa wangu ni soriasisi: mabaka mazito yenye magamba meupe kwenye viwiko, magoti, kiunoni na kichwani.

Nilichokithamini kuliko yote ni kwamba daktari hakukimbilia kuandika dawa. Alikuwa amesomea katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, na jambo la kwanza alilotaka ni kuwa na hakika ya ugonjwa wenyewe. Alikwangua magamba ya kiwiko yakaangukia kwenye kipande cha kioo, akayadondoshea dawa na kuyatazama kwa hadubini, ndipo akaniambia kwamba fangasi hakuna. Akazikagua kucha zangu moja moja, akanionyesha vishimo vidogo kama vilivyodonolewa kwa ncha ya sindano, na akaniuliza iwapo vidole hukakamaa ninapoamka, kwa sababu soriasisi ikishaingia kwenye viungo, dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Alinieleza pia kwamba picha nyingi za vitabuni huonyesha mabaka mekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau au kijivu, na hilo huchangia ugonjwa huu kudhaniwa kuwa mba au pumu ya ngozi.

Baada ya hapo alipima ukubwa wa tatizo. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake hukadiriwa kuwa asilimia 1 ya ngozi ya mwili mzima, kwa hiyo alinitaka niweke kiganja changu juu ya kila baka huku yeye akihesabu na kuandika, na jumla ilivuka asilimia 10. Muuguzi naye alinipa dodoso la maswali 10 lililotungwa Cardiff, Wales, na ambalo madaktari wamelitumia tangu mwaka 1994, linalouliza kuhusu mwasho, aibu, mavazi, kazi, hata maisha ya ndoa. Alama za juu kabisa ni 30, na ukivuka 10 huhesabiwa kwamba ugonjwa umeyaathiri maisha yako sana. Mimi ninayevaa mikono mirefu darasani hata mwezi wa Januari, nilivuka.

Nilidhani sasa nitapewa vidonge vikali. Badala yake aliuliza, “Mwalimu, una mpango wa kupata mtoto mwingine?” Nilipojibu kwamba ndiyo, nusu ya dawa zilizokuwa mezani ziliondoka. Methotreksati, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki na huhitaji kufuatilia ini na damu, humdhuru mtoto tumboni. Asitretini ni mbaya zaidi kwa hilo, kwani mwanamke hatakiwi kushika mimba hata kwa miaka 3 baada ya kuiacha. Siklosporini huweza kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, na shinikizo langu tayari linapanda na kushuka. Zipo pia sindano za kibayolojia, yaani dawa zinazotengenezwa kwa kutumia seli hai, kama adalimumabu, ambazo kabla ya kuanza lazima mgonjwa apimwe kifua kikuu kilichojificha, maana zinaweza kukiamsha. Bei yake ilinitosha kufunga mjadala. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo niliwahi kupewa kwingine na kufurahia ngozi kutakata upesi, alivikataa kabisa, kwa kuwa mgonjwa wa soriasisi akiviacha ghafla anaweza kulipukwa na vipele vyenye usaha mwili mzima. Aliniomba pia nipime VVU, kwa sababu maambukizi hayo huweza kuifanya soriasisi iwe kali. Si ombi linalopendeza kulisikia, lakini maelezo yake yaliniridhisha.

Uamuzi wake ulikuwa tiba ya miale ya urujuanimno, ile yenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 311, ambayo hata mjamzito anaweza kuendelea nayo, pamoja na dawa za kupaka zilizogawanywa kwa sehemu za mwili. Klobetasoli, dawa kali ya kupaka ya aina ya steroidi, ni ya viwiko na magoti tu, kwa muda mfupi, na kamwe si ya usoni wala kwenye mikunjo. Ndiyo steroidi hiyohiyo inayopatikana kwenye baadhi ya mikorogo, jambo lililonifanya nimtazame dada yangu kwa jicho jingine. Kalsipotrioli ni ya siku za kawaida, na mafuta yenye asidi ya salisiliki ni ya kichwani peke yake, usiku, kwa kuwa asidi hiyo ikichanganyika na kalsipotrioli huiua nguvu. Alinishauri hata nisuke mistari mipana badala ya rasta ili dawa ifike kwenye ngozi ya kichwa.

Sasa malalamiko. Mashine ya miale haipo katika kliniki hiyo, hivyo nililazimika kuifuata hospitali nyingine mara mbili hadi tatu kwa wiki, na hakuna aliyenidokeza kabla ya kulipa ada ya kumwona bingwa. Bima yangu ilikubali vipimo ikakataa kalsipotrioli. Mapokezi ni ya polepole, na miadi ya saa tatu asubuhi maana yake ni kuonwa karibu na adhuhuri. Kwa mwalimu mwenye vipindi, hilo ni tatizo kubwa.

Mabaka ya magotini yamelainika na magamba yamekwisha, ila yameacha madoa meusi. Daktari alikwisha nitahadharisha kwamba madoa hayo si ugonjwa, na kwamba wengi hukosea kwa kuendelea kupaka steroidi ili kuyafuta, mpaka ngozi inakuwa nyembamba. Kichwani bado kunawasha. Ninaipa huduma hii nyota 4 kati ya 5, na miadi ijayo ameniagiza niende na mirija yote niliyotumia ili aone nimepaka kiasi gani kabla ya kuamua kama miale ipunguzwe.