Kadi ya dola Dubai: madukani sawa, kwenye jumla beba taslimu

Nafuata abaya na viatu vya jumla Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, nauza Kariakoo. Safari ya mwisho nilikwenda na kadi ya dola ya kujaza kabla, niliyoichukua kwenye benki moja ya Dar es Salaam, na dola nyingine mkononi.

Kwenye maduka makubwa na migahawa kadi haikunisumbua. Unagusisha, meseji inaingia, umemaliza. Kinachotaka macho ni mashine inapouliza ukatwe kwa dola au kwa dirham, hela ya huko. Muuzaji mara nyingi anakubonyezea dola, eti anakurahisishia. Mwambie dirham. Uzuri wa Dubai hesabu haifichiki: tangu 1997 dola moja imefungwa kwenye dirham 3.6725, kwa hiyo bidhaa ya dirham 1,000 ni kama dola 272. Mashine ikikuletea 284, hizo 12 ni za wenye mashine. ATM nazo zina swali hilohilo, limepambwa kwa maneno matamu. Likatae, muamala utaendelea tu.

Ukiingia Naif, hapohapo Deira, kwa wauzaji wa jumla, mambo yanabadilika. Wengi wanataka taslimu, na anayepokea kadi anakuongezea asilimia juu ya bei mliyokwisha kubaliana. Hapo noti za dola mia ndizo zinaongea. Nilizibadilisha kwenye maduka ya fedha ya Deira, si uwanja wa ndege, ambako viwango ni vya kumkomoa mgeni. Usiulize kiwango peke yake, uliza, "Nikikupa mia, napokea dirham ngapi mkononi?" Bakiza na sarafu: abra, mashua ya kuvuka Creek, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, ni dirham moja, unampa nahodha mwenyewe.

Nilichochukia ni habari ya amana ya hoteli. Siku ya kuingia walizuia sehemu ya salio langu, nilipotoka wakasema wameachia. Benki ikakaa nayo zaidi ya wiki mbili, huduma kwa wateja wakinijibu, "Subiri kidogo, dada." Hela hiyo ilikuwa ya kununulia mzigo! Sasa amana nalipa taslimu, wananirudishia hapohapo mapokezi.

Benki na kadi yao nimewapa nyota tatu kati ya tano. Makato ya kujaza kadi ni ya wastani, na kwenye programu yao unaifunga na kuifungua kadi papo hapo. Hiyo amana ndiyo iliyokula nyota mbili.