Kliniki ya mazoezi na homoni kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, maoni yangu kama mzazi

Wazazi wenzangu wengi wananiuliza kuhusu hii kliniki inayotoa mazoezi ya kuchangamsha ukuaji pamoja na sindano za homoni, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Mazoezi nawapa nyota tano. Daktari wao wa homoni tano pia. Tangazo lao linapata nyota moja, na sababu ninayo.

Nianze na mazoezi maana ndo yametubeba. Binti yangu ameathirika upande wa kushoto, mkono unakaza, ngumi imefungwa na kidole gumba kimejificha ndani, na kule tulikokuwa kabla walikuwa wanamlaza tu wanamnyoosha viungo huku analia, yeye mwenyewe hafanyi chochote. Hapa dada wa mazoezi anamkalisha vizuri, anamvalisha glavu laini mkono wa kulia ili asiutumie, anaweka ngoma ndogo upande wa kushoto halafu ANASUBIRI. Hamshiki mkono, hamharakishi, anasubiri mpaka mimi niliyekaa pembeni natamani kuingilia, na kile kidole gumba kinatoka taratibuuu, vidole vinafunguka, anaipiga ngoma na kucheka kwa sauti. Ubongo wa mtoto unajifunza kwa kutenda sio kwa kutendewa, na hii njia ya kuuzuia mkono usioathirika imefanyiwa utafiti wa kutosha kwa watoto walioathirika upande mmoja. Aliyeathirika pande zote anapangiwa vingine.

Kingine nilichopenda, walituuliza sisi tunataka aweze nini nyumbani. Nikasema ashike kikombe kwa mikono miwili, basi mazoezi yakazungukia kikombe, na mimi nikafundishwa kuyaendeleza wakati wa kumwogesha na kumvalisha, sababu saa chache za kliniki peke yake hazitoshi.

Sasa homoni. Tangazo linasema homoni ya ukuaji inaamsha ubongo na mtoto atatembea. Jamani hapana. Mtindio unatokana na ubongo kuumia au kutojengeka vizuri ukiwa bado unakua, mara nyingi kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa, na hakuna sindano iliyothibitishwa kurekebisha hilo. Homoni ya ukuaji ni dawa halali kabisa kwa mtoto ambaye mwili wake hautengenezi ya kutosha, na watoto wenye mtindio wanaweza kuwa na upungufu huo pia, ila wengi wao udumavu unachangiwa sana na chakula kutoingia vizuri, mtoto anapaliwa, anachoka kutafuna, mlo mmoja unachukua saa nzima.

Na daktari wao alianzia hapohapo, anakulaje, anakohoa akinywa maji? Akapima uzito na urefu, akaagiza damu, akaangalia na tezi ya shingoni, akaagiza eksirei ya mkono kuona umri wa mifupa. Akanieleza kwamba kupima homoni ya ukuaji mara moja hakuna maana kwa vile inatoka kwa vipindi, sana sana usingizini, ndo maana kuna kipimo maalum cha kuichochea. Akanitajia na madhara bila kuficha: kichwa kuuma sana, sukari kupanda, maumivu ya nyonga, na mgongo uliopinda kuzidi kupinda mtoto anaporefuka haraka. Kwa watoto wetu hayo mawili ya mwisho ni mazito. Majibu ya binti yangu yalitoka sawa, akasema hahitaji sindano, akatupeleka kwa mtaalamu wa kumeza, na uzito umeanza kupanda.

Kinachoniudhi ni mapokezi, wanakuuzia kifurushi chenye sindano ndani kabla hata hujamwona huyo daktari, na mzazi aliyekata tamaa atasaini tu. Usisaini. Omba mazoezi peke yake, wanakubali, na homoni isubiri vipimo.

Halafu eksirei ya nyonga hawakuitaja mpaka nilipouliza. Kama mtoto wako hatembei mwenyewe iulizie siku ya kwanza na irudiwe kwa ratiba, maana nyonga inaweza kuchomoka polepole bila mtoto kulia.