Ruta (kifaa cha kusambaza Wi-Fi) ya AC1200: nimekaa nayo miezi minane

Kilichoniponza ni ile namba kubwa kwenye boksi. AC1200! Nikajua nimepata megabiti 1200 kwa sekunde. Nikaiwasha, nikapima kasi kwa simu: 43. Nusura niirudishe siku hiyohiyo.

Kumbe 1200 ni jumla tu. Wamechukua 300 za masafa ya gigahezi 2.4, wakaongeza 867 za gigahezi 5, halafu wakakadiria kwenda juu. Simu hushika masafa moja kwa wakati, sasa hiyo 1200 nani ataiona? Hata hizo 867 ni za kwenye makaratasi, tena ni kati ya simu na ruta. Intaneti yenyewe haivuki kifurushi unacholipia, na changu ni cha megabiti 50. Kwa hiyo ruta haikuwa na kosa. Faili nalo likishuka kwa megabaiti 5 kwa sekunde nilikuwa nanuna, kabla sijakumbuka kwamba baiti moja ni biti 8, yaani hizo ni megabiti 40.

Hizo herufi AC ni kizazi cha Wi-Fi kiitwacho 802.11ac, ambacho tangu 2018 kinaitwa Wi-Fi 5. Ukiona AX, hiyo ni Wi-Fi 6.

Kwenye matumizi, gigahezi 5 inakwenda vizuri sana nikiwa chumba kimoja na ruta. Kuta mbili tu, inazimia. Chumba cha mwisho natumia 2.4, inayopenya zaidi lakini imejaa mitandao ya majirani. Ruta ilikuwa inajichagulia chaneli (kipande cha masafa cha kurushia) yenyewe, na ilichagua vibaya. Nikaiweka chaneli 11 kwa mkono, nikapunguza upana wa chaneli hadi megahezi 20, na simu za video zikaacha kukatika. (Katika 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11, hizo haziingiliani.)

Usalama wa Wi-Fi ni WPA2; ile mpya zaidi, WPA3, haina. Nimezima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila nenosiri, kwa sababu PIN yake ya tarakimu 8 inakisiwa kirahisi.

Kinachoniudhi hadi leo ni matundu ya kebo: yote ni ya megabiti 100, hata lile la kuingizia intaneti. Boksi limepigia kelele 1200, hili limeandikwa ubavuni kwa herufi za sisimizi. Kwa kifurushi changu halinigusi. Mwenye kifurushi cha megabiti 200 asiinunue.

Nyota 3 kati ya 5.