Soli za fundi wa Darajani kwa sie wenye nyayo bapa

Mie nina nyayo bapa toka utotoni, nikilowesha mguu nikakanyaga sakafu ya simenti wayo mzima unachoreka kuanzia kisigino mpaka vidole, ule uvungu wa katikati haupo kabisa. Zamani haikunisumbua, nlikuwa nakimbia na kikundi chetu cha mazoezi kila Jumapili alfajiri hapa Unguja mjini, Mnazi Mmoja tunapita Maisara mpaka Mazizini na kurudi, na ile tarehe 1 Januari ya mazoezi ya kitaifa sikosi. Ila baada ya kujifungua mtoto wa tatu mambo yakabadilika, mimba inalegeza kano za mwili na miguu nayo imo, raba zangu za saizi 39 zikawa hazinitoshi tena nkahamia 40, na nlipojaribu kurudi mbioni nkapata maumivu ya muundi upande wa ndani, yale ya kuchoma, asubuhi nashuka ngazi huku nimeshika ukuta. Nkaacha. Mwaka na nusu sikukimbia na roho iliniuma sana.

Sasa nataka kuzizungumzia hizi soli za ndani alizonichongea fundi mmoja wa viatu pale Darajani, nimeshazitumia miezi minne na wenzangu wananiuliza kila tukikutana.

Kabla yake nlinunua zile za jeli dukani kwa 25,000. Ukizibonyeza kwa kidole unazipenda, laini hasa, lakini mguu unaolalia ndani ukiuwekea kitu laini chini unazidi kulala tu, haujapata cha kuuzuia. Siku ya tatu muundi ukaanza upya. Pesa imepotea.

Fundi yeye hakuanza na mguu, alianza na kiatu. Nlipomwamkia tu na kumweleza akanambia, "Mwanangu, niletee ile raba uliyokuwa ukikimbilia zamani, mpya siitaki." Nkamletea kesho yake. Akaiweka juu ya kibao chake, akaigusa nyuma ya kisigino kwa kidole kimoja, raba ikalala upande wa ndani yenyewe. Akaigeuza, ukingo wa ndani umelika mpaka sponji nyeupe inaonekana, ukingo wa nje meno yote yapo. Halafu akanisimamisha, akanambia nipande kwa ncha za vidole, na nlipopanda uvungu ukatokea! Akasema, "Huu mguu haujakakamaa, unasaidika." Baadae nlipokwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia naye akanipandisha kwa vidole vilevile na maneno yake yakawa hayohayo, tena akaongeza kuwa mtu ambaye uvungu hautokei hata akipanda, au mguu mmoja umebonyea ghafla ukubwani, huyo aende hospitali kwanza asianzie kwa fundi.

Soli zenyewe anachonga kwa sponji ngumu ile ya ndara, tabaka mbili, juu anapiga ngozi nyembamba. Chini ya uvungu na kisigino upande wa ndani anaweka mwinuko, na hapo ndipo kazi ilipo, anapunguza kwa kisu kidogo kidogo, anapiga msasa, anakwambia vaa tembea mpaka duka la tatu urudi, ukirudi anakuuliza panagusa wapi, anatia kisu tena. Mie nlikwenda na kurudi mara tano na hakuonesha kuchoka hata mara moja. Bei 20,000.

Kasoro zipo. Aliniambia njoo Jumanne, nkazipata Alhamisi ya wiki ya pili. Ya kushoto aliiacha juu mno, nkapata lengelenge, ila alipunguza bila kunitoza chochote. Na ile ngozi ikinywa jasho lazima uitoe uianike, ukiiacha ndani ya raba usiku mzima inanuka.

Lakini wallahi soli peke yake haikunirudisha mbioni na hili naomba mlisikie vizuri. Wiki tatu za mwanzo kutembea kukawa raha, nkafurahi nkakimbia dakika kumi mfululizo, mashavu ya miguu yakakaza kama jiwe. Yule mtaalamu akanieleza kuna msuli unapita nyuma ya mfupa wa muundi ukazunguka kifundo kwa ndani, huo ndio unaoubeba uvungu, na wangu umechoka kwa sababu haukufanyishwa kazi muda mrefu, soli inaupunguzia mzigo haiutii nguvu. Akanipa zoezi la kusimama ukingo wa ngazi kwa mguu mmoja, napanda kwa vidole nashuka taratibu, goti limenyooka, kisha tena goti limekunjwa kidogo. Siku ya kwanza mguu wa kushoto nlipanda mara 6 tu, ya saba ukatetemeka nkashindwa. Lengo alinambia 25. Sa hivi wa kushoto 21, wa kulia nimefika. Nafanya jikoni kwenye kile kidaraja cha mlango wakati nasubiri chai ichemke, siku moja nafanya siku moja napumzika.

Kukimbia kwenyewe nlianza dakika moja nakimbia mbili natembea, mara nane, siku tatu kwa wiki bas. Muundi ukiuma kesho yake asubuhi basi najua nimezidisha na narudi nyuma wiki moja. Mchanga wa ufukweni nimeuacha kwa sasa, hata maji yakiwa yamepwa, maana pwani ina mteremko na mguu mmoja unakuwa juu mwengine chini njia nzima, kwa mguu wangu haifai bado. Jumapili iliopita nimekwenda dakika 20 bila kusimama pale Maisara, na Jumatatu nkaamka nkashuka ngazi mikono mitupu. Alhamdulillah.

Fundi nampa 8 kwa 10. Hizo mbili nimezitoa kwa ahadi ya siku.

Ukienda chukua raba yako kuukuu, na soksi unazokimbilia kwa sababu unene wake unabadilisha kipimo, na hakikisha raba mpya soli yake ya ndani inatoka, ikiwa imegandishwa hana pa kuweka yake. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Na skuli zikikaribia kufunguliwa usiende kabisa, viatu vya watoto vinamjaa mpaka huwezi kumuona.