Spana za mitumba Mwembe Tayari: nunua hapa, lakini si kila kitu

Nianze na wale wanaouliza boksi gani la spana wanunue wakitaka kufanya servisi wenyewe nyumbani. Jibu langu ni usinunue boksi. Lile boksi la plastiki la vipande mia na kitu, linang'aa, limewekwa mbele kabisa ya hadwea ili ulione ukiingia tu, ukikaa ukalihesabu vizuri utakuta nusu ya hivo vipande ni vichwa vidogo vya bisibisi na soketi za saizi ambazo gari yako haina hata boliti moja inayozitaka. Gari nyingi hapa Mombasa ni za Japani, Probox, Vitz, Fielder, Noah, na mwenye gari hizi maisha yake yote yanazunguka saizi za milimita 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Basi. Ukiwa na hizo kwa soketi na kwa spana za ringi, chuma kizuri, oili utamwaga, breki utafungua, betri utatoa, hata shokabsoba utabadilisha. Mwenye Volkswagen ndo ana mambo yake, 13, 16, 18 na zile za nyota, na tairi zake zinafungwa na boliti za 17, huyo ajipange peke yake.

Sasa kibanda chenyewe ninaponunua spana zangu za mitumba. Kiko nyuma ya barabara ya Jomo Kenyatta, upande wa Mwembe Tayari, kule kwenye maduka ya spea. Hakina bango, uliza wauza spea "kwa mzee wa spana" watakuonyesha kwa kidole. Turubai la buluu, meza mbili, na chini ndoo za rangi zimejaa chuma mpaka juu, ndoo ya spana, ndoo ya soketi, ndoo ya plaizi, na moja ya vitu ambavyo hata mwenyewe hajui ni vya nini. Mali yake ni ex-Japan na ex-UK, inashuka bandarini ndani ya makontena pamoja na mainjini na mafriji na mabaiskeli, yeye hachukui kingine ila hivo vifaa tu.

Na humo ndani ya ndoo ndo kuna utamu. Nimetoa KTC, nimetoa Tone, nimetoa Koken, hizi zote za Japani na ni zile zile mafundi wa huko wanatumia kazini kila siku, si za kuuzwa kama zawadi. Upande wa ex-UK unapata Britool na King Dick za Uingereza, Bahco, sa ingine Gedore ya Ujerumani imejificha chini imeshika grisi nyeusi ya miaka. Spana moja ya ringi ya KTC nimeichukua kwa shilingi 250, soketi moja moja anauza 100 mpaka 200 kulingana na saizi na kulingana na vile amekuona. Racheti nzuri ya nusu inchi, ule mpini wa kuzungushia soketi, alitaka 1,800 akaniachia kwa 1,200 baada ya mabishano marefu. Mpya ya jina kama hilo, hata ukiipata hapa mjini, bei yake utaketi chini kwanza.

Mabishano yenyewe ni sehemu ya huduma, usikasirike.

"Mzee, hii ya mwisho ngapi?"

"Hiyo Koken mwanangu, soma hapo. Si chuma cha sufuria."

"Nasoma, lakini imeota kutu."

"Kutu iko nje. Kwani wewe huna mikono?"

Na kusema kweli ana haki. Kutu ya juu haina shida, shida ni vitu vingine na hapo ndo nataka mnisikize kwa makini maana mzee hakudanganyi lakini pia hakuambii usipouliza. Spana ya mdomo wazi angalia midomo yake miwili kama bado imelingana, ikiwa imefunguka kidogo kama mtu anataka kucheka iache, hiyo itakula kona za nati mpaka ziwe duara halafu uende kutafuta mtu wa welding. Soketi itazame ndani kwa tochi ya simu, kona ziwe kali, na ukipata ya kona sita na ya kona kumi na mbili za saizi moja chukua ya kona sita, inashika ubavu wa nati badala ya ncha, na kwa gari za huku pwani ambazo kila boliti imeshikana na kutu hiyo tofauti utaiona siku ya kwanza. Angalia ufa kwenye ukuta wa soketi. Angalia pia kama kuna mtu aliipitisha kwa grainda akaipunguza ili iingie mahali pembamba, utaona michirizi, chuma kimekuwa chembamba, weka chini. Racheti izungushe karibu na sikio, mlio uwe mmoja mmoja unaofanana, halafu ishike kichwa kwa mkono mmoja uisukume kwa nguvu pande zote mbili, ikiruka hata mara moja imekwisha. Kama meno yake ni mengi ni bora zaidi, racheti ya meno 72 inataka nyuzi (digrii) 5 tu kushika jino jingine, ile ya meno 24 inataka nyuzi 15, na ukiwa umeinama nyuma ya injini ya Noah pale ambapo mkono hauna pa kwenda hizo nyuzi 10 ndo zinaamua unafungua ama unafunga boneti unaenda kulala.

Krom ikiwa inabanduka pia achana nayo. Si kwa ajili ya urembo, ile krom ikibanduka inakuwa wembe, inakata kiganja bila kujua.

Mtego mkubwa pale ni inchi. Spana za ex-UK nyingi ni za inchi, na za zamani kabisa ni Whitworth, kipimo cha kizamani cha Uingereza, zinafaa mtu mwenye Land Rover ya kizamani ama mashine za kiwandani, lakini zimechanganywa ndoo moja na za milimita. Ukipata 3/4 unaweza kuitumia kwa 19 bila wasiwasi, ni 19.05 yaani hakuna tofauti ya maana. Nusu inchi ni 12.7, kwa 13 inaingia kwa shida ama haiingii kabisa. Lakini 9/16 ni 14.29, ukiitia kwa nati ya 14 ina mchezo, yaani inachezacheza, na mchezo ndo unaua nati. Kwa hivo soma namba iliyopigwa kwenye chuma, usipime kwa jicho, na ukiona alama ya mkwaju kati ya namba mbili hiyo ni inchi hata kijana anayemsaidia mzee akikuapia.

Kitu ambacho watu wanakipita pale wakati ni dhahabu ni bisibisi za Kijapani. Skrubu za msalaba kwenye gari na pikipiki za Japani haziko sawasawa na msalaba wa kawaida, zina kipimo chao kinaitwa JIS, nyingi zina kidoti kidogo kando ya msalaba. Bisibisi ya kawaida ya duka inaingia lakini haifiki chini, ukikaza inapanda juu inaruka, na skrubu inabaki shimo la duara. Honda wana skrubu za namna hiyo zinazoshika diski ya breki, muulize fundi yeyote atakuambia mateso yake. Kwenye ndoo ya mzee kuna bisibisi za Vessel, kampuni ya Osaka ya tangu 1916, mipini mingine ya mbao, na zipo zile ambazo chuma kimepita mpaka nyuma ya mpini ili uzipige nyundo. Nimenunua mbili kwa shilingi 300 na sijaharibu skrubu tena. Watu wanang'ang'ania spana zinazong'aa, bisibisi hizi zimelala hapo.

Vya umeme sasa. Hapa nawasihi mtulie. Drili na grainda za ex-Japan ni za volti 100, maana Japani nyumba zao ni 100, na sisi hapa ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia inalia vizuri sana kwa muda mfupi halafu moshi. Mzee mwenyewe akiulizwa anasema "hiyo inataka transfoma", lakini lazima umuulize. Na usifikirie ex-UK ndo salama zote, zile za mijengo ya Uingereza ni za volti 110, zina plagi ya manjano ya duara, hizo nazo hazikufai nyumbani. Ya plagi ya kawaida ya pini tatu kama zetu ndo sawa, lakini geuza usome kibandiko kwanza, plagi inabadilishwa na yeyote mwenye bisibisi.

Kuna vitu viwili sinunui pale hata anipe kwa nusu. Cha kwanza ni jeki na stendi zake. Jeki ya majimaji ya mtumba hujui sili zake zimechoka vipi, na stendi hujui ilishawahi kubeba lori ama imechomelewa wapi. Hizo nenda dukani, kuna hadwea za kutosha barabara ya Haile Selassie na Digo Road, vifaa vya jina la Ingco na Total zimejaa kila mahali siku hizi na kwa vitu kama hivi naona zinafaa kazi ya nyumbani, ila soma tani zilizoandikwa, na uangalie chuma cha stendi kikae wima bila kutikisika ukikisukuma pale pale dukani mbele ya muuzaji. Wengi wetu tunafanyia kazi uani na chini ni mchanga, Bamburi, Kisauni, Likoni huko, stendi inazama pole pole upande mmoja huku wewe uko chini unaangalia oili inadondoka. Weka ubao mpana mzito chini ya kila mguu. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuchungulia tu.

Cha pili ni torki renchi, ile spana yenye kipimo. Ya mtumba inaweza kuwa ya jina kubwa na ikasema uongo, maana springi yake imelegea kwa kuachwa imekazwa kwenye boksi miaka. Nunua mpya hata ya bei ya kati, ukimaliza kazi irudishe kipimo cha chini kabisa, na usiitumie kufungulia nati hata siku moja, kazi yake ni kukaza peke yake. Nati za tairi za Toyota nyingi zinakazwa kwa 103 Nm, hicho ndo kipimo cha nguvu ya kukaza, mtu akizipanda kwa mguu juu ya bomba hapo barabarani anakupa kama mara mbili ya hiyo, halafu siku ya pancha unashangaa kwa nini stadi, ile boliti inayoshika nati, imekatika.

Nikirudi kwa mzee. Nilichukua kwake ekstensheni ya soketi ya nusu inchi ikakatika mara ya kwanza niliyoiweka nguvu, nikairudisha, hakubisha, akanitupia nyingine na neno la "hiyo ilikuwa na bahati mbaya". Risiti hakupi. Malipo M-Pesa ama keshi, na ukilipa keshi beba pesa ndogo ndogo, chenji kwake ni hadithi. Kijana anayemsaidia hajui mali vizuri, anakupa bei ya juu kwa kitu kibaya na ya chini kwa kitu kizuri, mwenye macho anafaidika hapo. Kitu kimoja kinaniudhi, vile vizuri vizuri anavificha chini ya meza kwa ajili ya mafundi wake wa siku nyingi, kwa hivo ukienda mara moja ukanunua ukaondoka utapata ya ndooni tu. Salimia, keti, nunua kitu kidogo, urudi. Ndo utaona sanduku la chini likivutwa.

Wanaotaka kununua mtandaoni wakaletewa mlangoni, sawa, lakini picha haikuonyeshi mdomo wa spana uliopanuka, na jina la KTC mtu yeyote anaweza kuliandika. Ukilazimika, lipa ukishaletewa na ushaishika mkononi.

Mwisho ni hii hewa yetu. Chumvi ya bahari haikubakishii chuma, spana unaiweka safi leo wiki ijayo ina madoa. Zile za kutu za mzee mie naziloweka kwa siki nyeupe usiku mmoja, si zaidi, siki ikikaa sana inakula hata krom nzima, asubuhi nasugua kwa brashi ya waya, nasuuza kwa maji yenye magadi kidogo kuua ile asidi, naanika juani halafu napaka oili nyepesi kwa kitambaa. Racheti usiiloweke, ifungue kichwa, safisha kwa mafuta ya taa, tia grisi kidogo sana. Na boksi la kuwekea liwe na kitambaa chenye oili chini, usiweke karatasi ama kadibodi, inanyonya unyevu yote.

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali na kabla mafundi hawajachagua. Ijumaa anafunga kwa swala na sa ingine harudi tena mpaka Jumamosi. Gari usiende nayo, pa kuegesha hakuna, shuka matatu Mwembe Tayari utembee. Na uende na nati moja ya gari yako mfukoni, ndo kipimo kizuri kuliko maneno. Soketi ndefu za 21 za Koken alizokuwa nazo msinitafute, nimezichukua zote.