Kadi za maswali ya historia ya dunia: nilivyoziona zikitumika saluni

Mimi ni kinyozi hapa Morogoro, na kadi hizi nimeziweka saluni, si nyumbani. Nalisema hilo mapema kwa sababu kitu kinachoshikwa na watu wa kila aina kutwa nzima hakijaribiwi sawa na kinachokaa kabatini. Kabla yake, benchi la wanaosubiri zamu lilikuwa na mazungumzo mawili tu: Simba na Yanga, na mkeka wa nani umechanika. Nilitaka la tatu.

Nilizikuta kwa muuza vitabu wa chini karibu na stendi ya Msamvu. Alianzia elfu kumi na nane, tukavutana, akaniachia kwa elfu kumi na mbili. Ni boksi la kadibodi lililoandikwa Maswali na Majibu ya Historia ya Dunia, swali mbele ya kadi, jibu nyuma. Aliyeziandika hatajwi, mchapaji hatajwi, mwaka hakuna. Ukikuta jibu la ovyo huna wa kumpigia simu.

Karatasi ni nyepesi. Mikono yenye mafuta ya nywele imeshazikunja pembe, boksi limepasuka, sasa nazifunga kwa rababendi. Herufi za upande wa majibu ni ndogo mno kwa mtu mzima asiye na miwani. Basi, tuje kwenye majibu yenyewe, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kadi iliyolipa pesa yangu ni ile inayouliza vita vifupi kuliko vyote duniani. Jibu ni vita vya Uingereza na Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, dakika 38. (Wapo wanaosema hadi 45, inategemea saa ilianza kuhesabiwa wapi.) Uzuri wake ni kwamba haikuishia kwenye dakika. Inaeleza kwamba Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza, akapewa mpaka saa tatu asubuhi awe ameshusha bendera na kutoka. Hakutoka. Meli za kivita zikafyatua mizinga, na upande wa Zanzibar watu kama 500 wakauawa au kujeruhiwa. Waingereza walijeruhiwa baharia mmoja.

Dogo aliyekuwa anasoma kwa sauti akageuza kadi huku na huku. "Sasa huyo Khalid akaishia wapi?" Kadi haisemi. Aliyekuwa kitini ni mwalimu mstaafu, nusu ya kichwa nimeshapitisha mashine, akaniinulia mkono nisimame. "Sikiliza, mwanangu. Alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Wakamtoa kwa njia ya bahari, wakamleta Dar es Salaam, akakaa huko miaka mpaka Waingereza walipomkamata 1916. Wakampeleka uhamishoni, Shelisheli na Saint Helena. Baadaye wakamruhusu arudi huku, akafia Mombasa 1927." Saint Helena, mnaona? Kisiwa kilekile walichomfungia Napoleon. Mteja aliyefuata alikataa kukaa kitini mpaka mzee amalize. Kwa hiyo kadi nzuri kwangu ni ile inayokuachia swali la pili mdomoni. Ila wangeongeza mistari miwili tu, nafasi ilikuwepo.

Ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndiyo iliyoniudhi. Inauliza viliisha lini, jibu: 11 Novemba 1918. Nukta. Kwa Ulaya ni sawa kabisa. Lakini siku hiyo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake walikuwa bado wanapigana huku kwetu. Habari zilimfikia siku chache baadaye karibu na mto Chambeshi, Zambia ya leo, na silaha akaziweka chini Abercorn, ndiyo Mbala ya sasa, tarehe 25 Novemba. Wiki mbili nzima. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo kwa njaa na maradhi, wakibebea mizigo pande zote mbili. Kadi zinauzwa Morogoro, mji ambao Waingereza waliuingia Agosti 1916 Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma kuelekea kusini, na hazina hata mstari mmoja juu ya hilo. Aliyeandika alikopi mahali fulani akapiga chapa.

Halafu kuna kadi za "nani wa kwanza". Hizi ningezitoa karibu zote. Nani wa kwanza kuizunguka dunia? Kadi inasema Magellan, na kijana wa kidato cha tatu akaipokea hivyohivyo. Magellan aliondoka Hispania 1519 na meli tano na watu kama 270, lakini aliuawa kisiwani Mactan, Ufilipino, Aprili 1521. Aliyefunga safari ni Juan Sebastián Elcano, aliyerudi Septemba 1522 na meli moja, Victoria, iliyobaki na watu 18 hoi bin taabani. Marehemu hawezi kupewa medali ya mbio alizoishia katikati. Ya Kilimanjaro nayo imemtaja Hans Meyer peke yake, 1889, wakati kileleni alifika pamoja na Ludwig Purtscheller, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa kupanda milima. Na ya Columbus "kugundua" Amerika 1492 sina haja ya kuisemea. Wenyeji wake walikuwa wamekaa huko maelfu ya miaka, na hata mabaharia wa Norse, watu wa kaskazini mwa Ulaya, walishafika Newfoundland, Kanada ya leo, karibu miaka 500 kabla yake.

Wapo walioandika vizuri lakini, naamini ni mkono wa mtu mwingine kabisa, kwenye zile kadi za kuvunja uzushi. Napoleon hakuwa mbilikimo, alikuwa na kama sentimita 168, urefu wa kawaida kwa Mfaransa wa wakati wake. Inchi za Ufaransa zilikuwa ndefu kuliko za Uingereza, ndipo hesabu ikapotoka, na wachora katuni wa London wakamalizia. Einstein hakuwahi kufeli hesabu shuleni. Ukuta wa China hauonekani kutoka mwezini, na Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda angani mwaka 2003, alisema hakuuona hata yeye aliyekuwa karibu zaidi.

Inayopendwa kuliko zote hapa ni ya Cleopatra, malkia wa Misri: je, aliishi karibu zaidi na ujenzi wa piramidi kuu au na binadamu kutua mwezini? Kila mtu anasema piramidi, huku anacheka. Piramidi kuu ya Giza ilijengwa yapata 2560 KK, Cleopatra akafa 30 KK, na mwezini watu walitua 1969. Kuna jamaa alitoa simu akapiga hesabu kwenye kikokotoo, akaipiga tena. Mama mmoja aliyekuwa amemleta mwanawe kunyolewa akauliza, "Kwa hiyo na yeye alikuwa anaenda kuzishangaa kama mtalii?" Naam, mama, zilikuwa za kale hata kwake. Na nasaba yake ilikuwa ya Wagiriki wa Makedonia, hilo pia kadi imelisema.

Afrika imepewa sehemu ndogo. Mansa Musa, mfalme wa Mali, yupo na msafara wake wa hija wa 1324 na dhahabu aliyoimwaga Cairo hadi bei yake ikashuka. Nyerere, Nkrumah na Mandela wapo, kwa mistari ya kawaida. Lakini vita vya Adwa, Ethiopia, havipo! Machi 1896, mfalme wao Menelik wa Pili anawapiga Waitalia, miezi mitano na ushee kabla ya mizinga ya Zanzibar. Mwaka huohuo. Waliona cha kuandika tuliposhindwa kwa dakika 38, tuliposhinda wakapita. Haiti, watumwa waliowatoa Wafaransa na kutangaza uhuru 1804, nayo hakuna.

Kama unamnunulia mtoto akariri kwa ajili ya mtihani, acha, tafuta kitabu cha darasa lake. Kwa kijiwe, saluni au safari ya basi, zinafaa, hasa akiwepo mtu mzima mmoja anayejua zaidi ya kadi. Mimi nimeshachukua kalamu na kuongeza majina nyuma ya zile zilizopungua, wateja nao wanaongeza ya kwao, mengine nayafuta. Ukipita Msamvu usitoe zaidi ya elfu kumi na mbili, na fungua boksi uhesabu kadi kabla ya kulipa. Limeandikwa 200, langu lilikuwa na pungufu.