Difu ya Eaton kwenye Chevelle ya 1970, baada ya miaka miwili

Aliyeniuzia Chevelle, gari la Chevrolet, aliapa kwamba ina Positraction, yaani difu (gia za kati ya magurudumu ya nyuma) yenye klachi zinazofanya magurudumu yote mawili yasukume. Siku ya kwanza nilipokanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ya V8 ikanguruma, moshi ukatanda, na niliposhuka kutazama lami nikakuta mstari mmoja mweusi. Mmoja, wa upande wa kulia. Difu ya aina hiyo ikiwa nzima huacha miwili.

Nikayainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, gia nikaiweka nyutro, nikazungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likaenda kinyume. Hapo ama difu ni ya kawaida, ama klachi zake zimekwisha. Nilipofungua kifuniko nikazikuta klachi zimo, ila pleti zimesuguliwa hadi zinang'aa, springi zimelegea, na oili imejaa unga wa chuma.

Kuchoma tairi moja ndiko kulikoimaliza. Gurudumu moja likisimama na jingine likateleza, linaloteleza huzunguka mara mbili ya kasi inayoonyeshwa na spidomita: ikisoma maili 60, tairi linakimbia 120. Wakati huo zile gia ndogo za katikati zinazunguka kwa fujo juu ya pini ambayo kwa kawaida zinaizungukia taratibu tu, gari likikata kona. Oili haiwahi kufika. Pini yangu ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa joto, na imechimbika pale gia zinapokaa. Iliniuma kuiona.

Chevrolet ilianza kuuza Positraction mwaka 1957. Pontiac waliita yao Safe-T-Track na Chrysler Sure-Grip, lakini mnunuzi alitaka kitu kilekile: magurudumu yote mawili yasukume. Mimi nilinunua difu ya klachi ya kampuni ya Eaton, ya ekseli ya bolti 12 (hizo ndizo bolti za kifuniko chake). Niliiangalia pia difu ya koni, inayobana kwa koni badala ya pleti, na kushika inashika vizuri sana, ila koni zikilika ndani ya kasha lake, umenunua difu nyingine. Hii ya klachi hununuliwa pleti na springi peke yake, ukaifufua. Kabla ya kuagiza, hesabu meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (ndogo inayoizungusha), ugawanye ya kwanza kwa ya pili. Gia zangu ni 3.31, na kasha la gia za 3.08 hadi 3.73 si lile la 4.10.

Kuifunga niliipeleka gereji, na hapo ndipo nilipoteseka. Kila kona ya polepole, nyuma ilitetemeka na kugonga kama ekseli inakatika. Fundi akaniambia difu ni mbovu, niirudishe nilikoinunua. Haikuwa mbovu. Alikuwa ametia oili tupu, bila ile dawa ya klachi za difu, kwa hiyo pleti zilikuwa zinanata na kuachia, zinanata na kuachia. Nikaimwaga yote, nikatia oili ya gia ya 80W-90 ya kawaida na chupa ndogo ya dawa, ya mililita 118. Kisha nikaenda kwenye uwanja mtupu nikaendesha polepole kwa umbo la nane, kulia na kushoto, kama mara kumi na tano. Kabla sijamaliza, kelele ilikuwa imeisha, na mpaka leo haijarudi. Nasikitika nikifikiria difu nzima ngapi zimetupwa kwa kukosa chupa ile.

Kasoro zake zipo. Klachi hubanwa na springi, na zaidi na gia zenyewe zinapopata mzigo. Tairi moja likiwa juu ya matope au barafu hakuna mzigo, zinabaki springi tu, na gari linaweza kukwama. Huwa navuta breki ya mkono kidogo, upande wa pili unaanza kusukuma. Lami ikilowa, tahadhari: matairi yote mawili yakiteleza pamoja, mkia unahama ghafla. Na usishawishike kufunga springi zinazobana klachi kwa nguvu ya paundi 800 kwenye gari la kutembelea. Zangu ni za 400, na pale gari linapoondoka kwenye taa naona zinatosha kabisa.

Mistari sasa ni miwili, myeusi sawasawa. Ningeinunua tena, na oili ningeitia mwenyewe.